Siku tatu Mji wa Kale, Mombasa: chukua chumba, kiamshakinywa waachie wenyewe

Wengi wakishuka SGR pale Miritini huelekea Nyali kutafuta bahari. Mimi na mama tulitaka kulala ndani ya Mji wa Kale, kwa hiyo tukachukua nyumba ya wageni kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Jina lake silitaji, maana mengine nitakayosema si ya kuwasifu.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri. Kuta za mawe ya matumbawe, nene ajabu, na mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi kama wa mtungini. Kitanda cha semadari, neti nzima isiyo na tundu. Lakini kilikuwa ghorofa ya tatu, na kwenye picha za tangazo ngazi hazikuonekana. Mama ana magoti mabovu. Alizihesabu: 41, nyembamba, za kupanda kiubavu. Ukienda na mzee, uliza chumba cha chini kabla ya kutuma pesa. Maji ya bafuni nayo yana chumvi, sabuni ikagoma kutoa povu. Na alfajiri adhana itakuamsha, utake usitake. Mimi iliniridhisha, aliyezoea kulala hadi saa tatu asije huku.

Sasa kiamshakinywa. Tulilipia shilingi 500 kila mmoja, kila siku. Tukaletewa slesi mbili za boflo, yai, na chai ya majani ya mfuko. Mombasa! Na dirishani harufu ya iliki inapanda kutoka barabarani.

Siku ya pili tuliteremka. Pembeni mwa kichochoro kuna mama mmoja na karai lake. Anatupa kipande cha unga kwenye mafuta, anakimwagia mafuta juu kwa upawa, kinavimba mara moja kama kimepulizwa. Akamwona mama anasitasita. "Ndoo mamangu, keti hapa, usisimame na jua." Akatupakulia mbaazi za nazi kwenye sahani ya bati, tui zito limeganda pembeni. Unapasua hamri, ndani tupu, unalichotea mbaazi. Sote wawili tulishiba kwa pesa ambazo kule juu zisingetosha kiamshakinywa cha mtu mmoja.

Mchana wa kwanza tulikosea. Tulikaa mkahawa wenye mandhari ya bahari, tukaagiza samaki wa kupaka, akaja baada ya saa nzima, tui limekatika. Unalipia upepo. Biriani nzuri tuliipata mtaani siku ya Ijumaa baada ya swala, kwenye kihoteli kisicho na hata kibao; fuata wanaume wenye kanzu.

Ngome ya Fort Jesus nendeni asubuhi kabla jua halijakolea. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaifanya jela hadi 1958. Mama alivutiwa zaidi na nyumba ya Waomani iliyo juu ya ukuta, kwa sababu ina mahali pa kukaa. Marikiti tulipita haraka kuchukua viungo na achari ya maembe.

Jioni ni ya kahawa chungu. Muuzaji ana dele lenye makaa chini yake, na vikombe vidogo anavigonganisha mkononi ukamsikia kabla hujamwona. Kunywa na kashata. Baadaye tuktuk hadi bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kwa kachri za mihogo zenye pilipili na ndimu, na dafu. Ila mkija Ramadhani, mchana msitegemee kula ovyo Mji wa Kale. Vyakula hutoka jua likishazama, na ndipo hutoka vyote.

Chumba nakipa nyota tatu kwa tano, na ningekirudia, cha chini, bila kiamshakinywa. Yule mama wa karai alitufungia mahamri kumi na mawili ya safari kwenye gazeti. Treni haikuwa imefika Mariakani, yalikwisha.