Kamera za midiamu fomati zisizo na kioo: ipi ununue kwa studio ya Nakuru au Kisumu

Sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya kamera hizi ni milimita 43.8 kwa 32.9, eneo mara 1.7 ya fulu fremu, yaani sensa ya milimita 36 kwa 24. Faida yake utaiona kwenye picha za sura, vitambaa, bidhaa na picha kubwa za ukutani. Ukifuata heroe wanaoruka Ziwa Nakuru au mechi za mpira, baki na fulu fremu yako.

Tunaloweka mbele ni Fujifilm GFX 50S II (2021), iliyotumika. Megapikseli 51 hutoa picha ya sentimita 70 kwa 52 kwa nukta 300 kwa inchi, kubwa kuliko A2. Ni wateja wachache wanaoagiza zaidi ya hapo. Sensa ina kitulizaji kinachopunguza mtikisiko wa mkono, hivyo kupiga kwa mkono ndani ya kanisa lenye giza kunawezekana. Shida ni fokasi: inategemea kontrasti peke yake, na mwanga ukipungua lenzi huenda mbele na kurudi ikitafuta. Bibi harusi akitembea kuelekea madhabahuni, picha nyingi zitatoka na ukungu.

Kwa hiyo kama harusi ndizo zinazokulisha, panda hadi GFX 100S (2021). Fokasi yake ni ya fezi, yaani hujua lenzi isogee upande gani bila kutafuta, na hushika mtu anayetembea. Lakini RAW (faili ghafi ya picha) isiyobanwa hufika takribani MB 200: picha 1,000 ni GB 200, na nakala ya pili ni nyingine 200. Chagua RAW iliyobanwa bila hasara, la sivyo kompyuta ya studio italemewa.

Hasselblad X1D II 50C (2019) tunaiweka ya tatu, kwa kazi moja hasa: flashi juani. Shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) iko ndani ya lenzi, kwa hiyo flashi hufanya kazi hadi sekunde 1/2000. Fuji hizi huishia 1/125. Ukizidisha kwa flashi ya kawaida, utepe mweusi hukata picha. Saa sita mchana ufukweni Dunga, Kisumu, tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo haina kitulizaji, na fokasi yake ni ya taratibu.

Ya mwisho ni GFX 50R (2018). Haina kitulizaji, na betri yake NP-T125 haiingiliani na NP-W235 ya 50S II na 100S. Juu ya tripodi, kwa picha za bidhaa, bado inafaa sana.

Tenga pesa za lenzi kabla ya bodi ya kamera. Kwa kamera za Fuji, lenzi ya GF 63mm f/2.8 huona kama 50mm ya fulu fremu. GF 110mm f/2 ndiyo ya sura.

Kabla ya kulipa, piga ukuta mweupe kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), fokasi ikiwa imepotezwa: madoa meusi ni vumbi la sensa. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa Kisumu utazikuza. Piga kwa shata ya kimekanika pia, maana ile ya kielektroniki husoma sensa polepole na kuleta mistari chini ya taa za LED. Kamera yenye kitulizaji ikigongagonga ndani ikiwa imezimwa, si ubovu.

Nyumbani, ihifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli na kipima unyevu, kati ya asilimia 40 na 50. Kipimo kikipanda, badilisha silika.