PS2 leo: kabla hujatoa hela, igeuze chini usome kibandiko

Mambo vipi wadau wa gemu, karibuni. Leo mezani kuna mzee wa kazi, PlayStation 2. Najua kuna atakayeniandikia "kaka, tuletee PS5". Itakuja. Leo naongea na yule anayetaka kitu cha watoto sebuleni, au anayefungua banda la gemu kwa mtaji mdogo.

Huyu mzee aliingia sokoni Japani Machi 2000, na akaacha kutengenezwa mwanzoni mwa 2013. PS3 ilitoka 2006, ungedhani ndiyo kwaheri. Wapi! God of War II ilikuja kwenye PS2 mwaka 2007, na FIFA 14 ikatoka Septemba 2013, kiwanda kikiwa kimeshafunga kazi. Zimeuzwa zaidi ya milioni 150.

Sasa tuingie ndani. Prosesa inakwenda megahezi 294 na ushee, RAM ni megabaiti 32. Nimesema megabaiti, sio gigabaiti. Picha chache tu za simu yako zinaijaza. Lakini humo humo gemu ya GTA San Andreas imeingiza miji mitatu, jangwa na mlima. Inawezaje? Haishiki ramani nzima. Unavyoendesha, inasoma kwenye diski kipande ulichopo na kutupa ulichokiacha nyuma. Kwa hiyo lenzi, ile inayosoma diski, ikichoka utaona mwenyewe: kanyaga mafuta kwenye barabara kuu, nyumba zinachelewa kutokea, barabara imekuwa ukungu mtupu, halafu ghafla ukuta huo usoni.

Upande wa picha ndiko ninakompendea. Chipu ya picha ina memori yake ya megabaiti 4 tu, ila imo ndani ya chipu yenyewe na inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Maana yake mvua, moshi, vumbi, cheche, vitu vya kupakwa tabaka juu ya tabaka, anavimudu vizuri sana. Anapokwama ni kwenye sura. Kamera ikisogea karibu na mchezaji, uso umefifia na jezi haisomeki. Xbox ya enzi zile ilikuwa na RAM megabaiti 64, na ukiziweka pamoja unaiona tofauti.

Haya, kununua. Usihangaike na mikwaruzo ya juu, geuza chini usome kibandiko: namba ya modeli, SCPH na tarakimu zake, na volti. Kitu cha kwanza, volti. Baadhi ya mashine zinatoka Japani, na ile nene ya Kijapani ina pawa saplai ndani, ya volti 100. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma, umezika hela. Nyembamba za kuanzia 2004 zina adapta ya nje, hapo unasoma adapta. Zile za mwisho, namba 90000, pawa imerudi ndani, kwa hiyo soma tena.

Cha pili, diski. Lenzi za umri huu ni bahati nasibu, na nzuri kuzipata ni shida. Ndiyo maana watu wanatumia memori kadi yenye Free McBoot, programu ya kuwashia mashine: unaichomeka, unawasha, menyu inakuja bila diski na bila kufungua mashine. Toka hapo unafungua OPL, programu ya kufungulia gemu, na gemu zinasoma kwenye flashi. Lakini baadhi ya hizo 90000 hazikubali Free McBoot kabisa, kwa hiyo muuzaji aichomeke na kuiwasha mbele yako.

Na flashi yenyewe isikudanganye. Tundu la USB pale ni la kizamani, 1.1, linapitisha kama megabaiti moja kwa sekunde. Sikiliza hii video ya mwanzo wa gemu... umesikia sauti inavyokatika? Ukiingia uwanjani mpira unachezeka freshi, ila gemu zenye video nyingi zitakuudhi. Ukiniuliza mimi, nachukua ile nene. Nyingi zina nafasi ya hadi disiki, ya kuhifadhi gemu, nyuma, unaongeza na adapta yake ya mtandao, na hakuna kukwama. Nzito, inavuma kama feni, sijali.

TV je? Waya zile tatu, njano, nyekundu na nyeupe, kwenye flati picha inakuwa ya ukungu, na TV nyingine zinachelewesha: unabonyeza kupiga, mpira unaondoka baadaye. Kama nyumbani bado kuna TV ya chogo, usiitupe. Kama huna, tafuta waya wa komponenti, ule wa vichwa vitano, kuliko kale kadude ka HDMI ka bei rahisi.

Mwisho pedi. Orijino zinahisi umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, feki nyingi hazihisi. Ukiwa dukani ingia mechi, weka pedi mezani, usiguse kitu. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, analogi, kile kijiti cha kuelekezea, imekwisha. Dai nyingine hapo hapo, kabla hela haijatoka mfukoni.