Rangi ya 2K kwenye boti ya faiba: ikikunjamana na ikibambuka

Rangi ninayoizungumzia ni poliurethani ya makopo mawili, rangi kwenye kopo kubwa na hadina (kigumishi) kwenye dogo, ile mafundi wetu wanaiita 2K. Nimeitumia kwenye ubavu wa boti ya faiba ya futi 23, juu ya praima ya epoksi, na boti hiyo ilikuwa imepakwa gloss ya mafuta zamani. Kwa mng'ao, ugumu na kustahimili jua, gloss haifui dafu mbele yake. Gloss ya mafuta hupauka na kutoa unga mapema. 2K hubaki iking'aa muda mrefu zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haivumilii rangi dhaifu wala uchafu chini yake, na maelekezo ya kwenye kopo hayasemi hilo kwa uzito unaostahili.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni mawili: imekunjamana ikiwa bado mbichi, au imebambuka vipande vizima boti ikishaanza kazi. Watu huyaweka kapu moja, na hapo ndipo matengenezo yanapoharibika, maana chanzo si kimoja.

Kukunjamana ni kazi ya thina. Thina ya 2K ina zailini, asetati na ketoni. Ikikutana na gloss ya mafuta inapenya ndani, gloss inavimba, na kwa kuwa imeshikwa kwa chini haina pa kwenda ila kujikunja juu. Mara nyingi si ubavu mzima. Mikunjo huanza kwa pete kuzunguka pale msasa ulipotoboa rangi ya zamani, kwa sababu ukingo wa gloss umebaki wazi na thina inaingilia ubavuni mwake. Ukiona pete za namna hiyo kandokando ya viraka vya fila, usigombane na muuza rangi.

Kipimo chake ni rahisi, na kifanyike kabla ya kununua. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba kwa thina ileile ya 2K, kibandike kwa tepu juu ya rangi ya zamani, funika kwa karatasi ya foili isikauke, subiri dakika 15. Rangi ikivimba, ukucha ukizama, au kitambaa kikichafuka, rangi hiyo itoke yote. Isipoguswa, ni ya makopo mawili na imeshaiva. Piga msasa namba 180 uendelee. Pima omo (mbele), ubavu wa kulia, wa kushoto na tezi (nyuma), kwani boti zetu nyingi zimepakwa viraka viraka na mafundi tofauti.

Wapo wanaoamini praima ya epoksi inatosha kuwa kinga juu ya gloss. Haitoshi. Praima nyingi za epoksi nazo zina zailini, na hata zisipoinua gloss siku hiyo, zikishakauka huwa ngumu na kuivuta gloss laini iliyo chini mpaka iachie.

Rangi ikishakunjamana, usiongeze koti jingine kuficha. Usiwahishe msasa pia: chini ya mikunjo bado pana ute, karatasi itajaa kabla hujamaliza kiganja kimoja. Kwangua kwa kikwanguo chenye makali hadi ufike pagumu, acha thina iliyonaswa itoke kwa siku kadhaa za jua na upepo, kisha msasa namba 80, halafu 120. Dawa za kuondoa rangi za magari usizipake kwenye faiba. Zile kali hula gelikoti, lile tabaka gumu la nje la faiba. Ipo dawa iliyotengenezwa kwa faiba, na kama huipati, kikwanguo na jasho vinatosha.

Kuna mikunjo mingine isiyo na gloss chini, 2K juu ya 2K. Hapo tazama vipimo. Hadina ikipungua, koti la kwanza haliivi, la pili linalilainisha. Chukua chombo cha pande zilizonyooka, simamisha rula ndani: kwa uwiano wa 2 kwa 1, rangi hadi sentimita 10, hadina hadi 15, thina mwisho kwa kiasi kilichoandikwa. Usikadirie kwa jicho. Na ile desturi ya kuzidisha hadina ili rangi ikauke haraka haiharakishi chochote cha maana, inaharibu uwiano tu.

Thina yenyewe nayo. Thina ya kawaida ya madukani, ile ya kuoshea brashi na kuchanganyia rangi za selulosi, mara nyingi ina alkoholi, na alkoholi inaila hadina kabla rangi haijaipata. Rangi itakauka juu, lakini itabaki na ulaini usioisha. Nunua thina ya chapa ileile ya rangi hata kama bei inauma. Hadina pia huharibiwa na unyevu wa hewa: kopo lililofunguliwa zamani, likawa na ukungu au mgando ndani, ni la kutupa.

Sasa kubambuka. Kabla ya kufanya lolote, chukua kipande kilichobambuka ukigeuze. Mgongo wake utakuambia mengi kuliko fundi. Ukiwa laini unaong'aa, rangi ilipakwa juu ya nta au juu ya gelikoti isiyopigwa msasa. Ukiwa na unga, rangi ya zamani iliyopauka haikuondolewa. Kipande kikibeba praima nzima, praima ndiyo haikushika chini. Kikitoka rangi tupu na praima ikabaki botini, muda wa kupaka juu ya praima ulipita bila kupigwa msasa tena. Ukisikia utelezi wa mafuta kwenye vidole, basi ni grisi, dizeli, au ute wa epoksi.

Ute huo wa epoksi ndio unaotuumiza sana huku pwani, na ni wachache wanaoutaja. Epoksi nyingi zikikauka penye unyevu mwingi, hadina yake hujibizana na hewa na kuacha utando mwembamba wa nta juu. Hauonekani vizuri, ila mkono unateleza. Thina inausambaza tu. Unatoka kwa maji baridi au ya uvuguvugu na sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, usuuze, ukaushe kwa taulo safi, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unauzika utando ndani ya mikwaruzo.

Kanuni hiyohiyo ni ya nta ya faiba: osha kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi, futa kwa dawa ya kuondoa nta ukitumia kitambaa kimoja cha kupakia na kingine kikavu cha kufutia, na ugeuze vitambaa mara kwa mara. Halafu mwagia maji. Yakitandaa kama karatasi, pako safi. Yakijikusanya matone, rudia. Petroli na mafuta ya taa visitumike hapa, vinaacha mafuta.

Kuhusu hali ya hewa, kanuni ni ubavu wa boti uwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye nyuzi 26 na kidogo, kwa hiyo faiba iliyolala nje usiku na kupoa haifai alfajiri hata ikionekana kavu. Mimi napanga kuanza saa 3 asubuhi na kuweka brashi chini saa 9 alasiri, upande wa kivulini. Umande ukiikuta 2K mbichi, mng'ao unakufa.

Kiasi: rangi yenye asilimia 50 ya yabisi kwa ujazo (kile kinachobaki rangi ikikauka) inafunika meta 10 za mraba kwa lita kwa unene mkavu wa mikroni 50, hiyo ni hesabu ya kitabuni, kwa rola kata asilimia 20 hivi. Makoti mawili membamba ni bora kuliko moja zito, maana zito hufunga juu thina ikiwa ndani, na malengelenge yanaanzia hapo. Kati ya praima na rangi, msasa namba 240 hadi 320.

Mahali nisipoishauri kabisa ni sehemu inayokaa majini muda wote. 2K nyingi za kumalizia hazikutengenezwa kwa hilo, zitaota malengelenge. Chini ya maji weka epoksi na rangi ya kuzuia kome na chaza. Wala nisingeipaka mashua ya mbao iliyopakwa sifa miaka yote: sifa ni mafuta ya samaki, nayo yameshaingia kwenye mbao, na mbao zenyewe zinatanuka na kusinyaa kwenye maungio. Hiyo iachie gloss juu na deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa) chini.

Kwa sprei, barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii. Hadina ina isosianeti, inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Anayepiga sprei avae kofia ya kuletewa hewa safi kwa bomba, au aache. Kwa brashi na rola, barakoa yenye chujio za mvuke wa kemikali, glavu, na upepo wa kutosha.

Baada ya wiki moja, kata mistari sita kwa sita kwa wembe mahali pasipoonekana, nafasi ya milimita 2, bandika tepu, ivute kwa nguvu. Vijiraba vikibaki vyote, boti iko tayari. Kabla ya hapo usiiegemeze fenda (mito ya kukinga ubavu) wala matairi gatini, kwani 2K ambayo haijaiva ikikandamizwa inabaki na alama.