Nililipia sauti ya Papa Wemba, nikauziwa ya mtafsiri

Siku chache zilizopita nilipita kibanda cha muvi karibu na stendi, nikaomba niwekewe kwenye flashi La vie est belle, ile ya Kinshasa ya mwaka 1987. Nimeitafuta miaka. Kijana akaipata, nami nikarudi nyumbani mbio mbio.

Kumbe imetafsiriwa, mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Sina ugomvi na muvi za kutafsiriwa, mama yangu haangalii nyingine. Na nikiri, pale bosi mwenye klabu, nguvu za kiume zimemwishia, anapoambiwa na mganga aoe mke wa pili, kigori, na asimguse kwanza, mtafsiri alipatia. Mama alicheka mpaka akavua miwani. Kigori mwenyewe ndiye Kabibi, kipenzi cha Kourou, na Kourou ni boi wa huyohuyo bosi! Nikajiambia, hela yangu imerudi.

Halafu ukaja wimbo. Kourou katoka kijijini hana kitu, kaja mjini kutafuta muziki, kaishia kutumikia nyumba ya mtu. Muda wote huo unamsubiri apande jukwaani afungue kinywa. Na Kourou ni Papa Wemba, yule mwanamuziki wa Kongo! Ile sauti nyembamba inayopanda mpaka unasisimka mwili. Mtafsiri akaimwagia maneno. "Sasa jamaa anaimba, anasema maisha matamu." Akasalimia washkaji zake. Akataja namba ya simu ya kuagizia muvi. Wimbo ukaisha, sikusikia hata ubeti mmoja mzima. Pepe Kalle naye, mwanamuziki mwingine wa Kongo, lile pande la mtu, alipotokea akafunikwa vilevile.

Kesho yake nikarudi kibandani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mama, si muziki tu huo? Stori si umeipata?"

Muziki tu! Stori yenyewe ni ya mtu anayehangaika asikike, mnamfunika dakika anayosikika? Papa Wemba alianguka jukwaani kule Abidjan, Aprili 2016, akafariki. Hatatuimbia tena. Kilichobaki ni hizi kanda, na mtu anakuja kuzisemea juu.

Nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu kwa ajili ya kicheko cha mama. Nimeghairi. Muvi ni nyota tano, nakala hii haipati hata moja.

Mama kila jioni anataka arudishiwe pale kwa mganga. Namwekea. Wimbo ukikaribia, nazima.