Leseni au kesi: njia mbili za kumbana mchafuzi wa mazingira

Udhibiti hutangulia madhara. Kiwanda kinafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, kinapewa leseni yenye masharti, kisha kinakaguliwa. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya sheria ya mwaka 1999. Mwananchi hahitaji wakili wala ushahidi. Ila mkaguzi asipofika, leseni ni karatasi tu.

Dhima huja baadaye: aliyeumizwa anamshtaki aliyemuumiza na kudai fidia. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi na maji taka viliwaletea sumu ya madini ya risasi, ile inayoharibu ubongo wa mtoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kiwanda kilishafungwa tangu 2014. Pesa haziondoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini, na ndiyo maana naona udhibiti lazima uwe wa kwanza.

Hata hivyo, nisingependa kesi ipuuzwe. Ni kesi hiyo iliyomfikia mdhibiti mwenyewe: NEMA ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Tena Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kuzuia uchafuzi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Wanaoishi jirani na viwanda waitumie mapema, kabla watoto hawajapimwa damu.