Upwork ama mteja wa hapa hapa Mombasa?

Hili swali kwa sisi waandishi wa kontenti haliishi. Tuanze na pesa: Upwork, ule mtandao wa kutafutia kazi kwa wateja wa dunia nzima, walipwa kwa dola lakini nao wakata chao, na ile kuomba kazi tu unanunua konekti, yaani tokeni za kuombea kazi, kila moja senti 15 za dola, waomba weee hujibiwi na pesa ishaenda. Mteja wa hapa, tuseme hoteli ya Nyali ama Diani, hakuna wa kukukata, M-Pesa yaingia nzima... ikiingia, manake hapo ndipo penye kasheshe, utaambiwa mhasibu hayuko mpaka uchoke. Upwork kazi ya bei moja, si ile ya kulipwa kwa saa, pesa huwekwa pembeni kabla hujaandika neno, kwa hilo wallahi wanashinda. Kisha hoteli zina msimu, Aprili hadi Juni ni masika, wageni hakuna na kazi pia hakuna.

Kumtunza mteja wa hapa simu moja yatosha, kule profaili yataka kubembelezwa kila siku.

Kama waweza kukaa miezi bila malipo ya maana ukijenga jina, ingia Upwork. Kama una jamaa mahotelini na kodi yakusubiri, shika wa hapa, ila itisha nusu mbele.