Ubingwa wa riadha Afrika: mbio tano kwa tano, huduma ndo shida

Watu huuliza kama haya mashindano yanastahili mtu kukaa mbele ya skrini siku nzima na kesho yake tena, jibu langu ndio, ila ujiandae kisaikolojia.

Nianze na utamu. Hapa hakuna pesimeka wa kulipwa. Kule kwenye mitingi za Ulaya, yale mashindano ya mwaliko, kuna mtu kaajiriwa avute mbio mizunguko ya mwanzo halafu anajitoa pembeni, hapa mko wenyewe na mnatazamana, nani atatoka, lini, ndo maana mita 1,500 inaweza kwenda kama mazoezi kisha mzunguko wa mwisho unakuwa vita. Na muda mkali unatoka pia! Uwanja wa Nyayo, Nairobi, 2010 Mkenya David Rudisha alishinda mita 800 kwa 1:42.84, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ya kubana, wiki chache baadaye akaenda Berlin akakimbia 1:41.09 akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa ya Wilson Kipketer. Waliokuwa Nyayo hawakushangaa sana.

Wale wa kusema Afrika ni mbio ndefu tu watafute fainali ya mita 100 ya Mauritius 2022. Omanyala wa Kenya 9.93, Simbine wa Afrika Kusini 9.93, yaani saa imekataa kuwatenganisha ikabidi picha ya utepeni iamue, Mkenya akachukua. Mimi hiyo nimeirudia mpaka aibu. Halafu kuna Mkenya Julius Yego na mkuki wake, dhahabu Porto-Novo (Benin) 2012 na bado Douala (Kamerun) 2024 anabeba dhahabu, nani anayedumu juu miaka 12 siku hizi.

Kihistoria si ya kale kivile, yalianza Dakar 1979. Fikiria Mtanzania Filbert Bayi anaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, 1974, 3:32.2, na bara lake halina hata ubingwa wake wa riadha, kilichokuwepo ni ile Michezo ya Afrika yenye kila kitu ndani. Mwanzoni ratiba ilikuwa haieleweki, 1984 halafu 1985, kuanzia 1996 ndo ikatulia kila baada ya miaka miwili, isipokuwa 2020 korona ikafuta.

Sasa huduma. Asaba, Nigeria, 2018 wanariadha walikwama uwanja wa ndege Lagos, wengine wakalala sakafuni, halafu unategemea mtu huyo aruke viunzi. Hilo siwezi kulipaka rangi. Na sisi wa kuangalia mtandaoni tunateseka kivyetu, linki niliyokuwa naitumia iliganda katikati ya relei (mbio za kupokezana vijiti), iliporudi watu wanakumbatiana na mtangazaji anaongelea kitu kingine kabisa. Startlisti, yaani orodha ya wanaoshiriki, nayo ukiipata kabla ya mbio shukuru Mungu. Kuruka na kurusha kamera inaenda kwa kuibia, unaoneshwa mruko mmoja kati ya sita, inakera mno kwa sababu huko ndiko nchi zisizo na wakimbiaji wa kutisha huwa zinapata medali zao.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa matangazo tu. Kama muda wako ni mdogo, ruka raundi za asubuhi, subiri fainali za jioni, 800 na kuruka viunzi na maji usikose hata kidogo.